Muuguzi wa majumbani, andika kabla hujatoka kwa mgonjwa

Kwenye daftari la mgonjwa kumeandikwa: “Amepewa dawa ya maumivu saa 2.” Asubuhi au usiku? Aliyeandika anajua, lakini leo hayuko zamu. Aliyekuja badala yake anabaki kukisia. Akikosea, mgonjwa atameza dozi mara mbili au atalala na maumivu.

Kwa sehemu kama Lituhi, kata iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kosa hilo linaweza kwenda mbali. Mgonjwa anayehudumiwa nyumbani akizidiwa, anaweza kupelekwa kituo cha afya, kisha akapewa rufaa hadi Songea. Kila anakofika anakuta wahudumu wapya. Maandishi ndiyo yanayowaambia kilichofanyika.

Haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Muda usiwe na utata. Andika tarehe na “saa 2:00 usiku” au “20:00”. Timu nzima ifuate mtindo mmoja.

2. Dawa iandikwe kamili. Jina, kiasi kwa miligramu, njia iliyotumika na muda. “Kidonge kimoja” haitoshi. Mfano ni paracetamol: kidonge cha kawaida kina mg 500, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha mg 4,000, yaani vidonge 8, ndani ya saa 24. Dawa nyingi za mafua za dukani nazo zina paracetamol. Kwa hiyo uliza familia imempa nini, na uandike. Ikizidi, ini linaweza kuharibika.

3. Andika ulichoona, si ulichodhani. Badala ya “presha iko juu”, andika “168/102, mkono wa kushoto, amekaa”. Badala ya “hali si nzuri”, andika “ametapika mara 3 tangu asubuhi”.

4. Maneno ya mgonjwa yana uzito. Ukiandika “mkorofi, hataki dawa”, daktari hana cha kufanya. Ukiandika “amekataa dawa, anasema inampa kizunguzungu”, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

5. Umekosea? Usifute. Piga mstari mmoja, neno la zamani libaki likisomeka, andika lililo sahihi, weka tarehe na saini. Ukichelewa kuandika, sema wazi kuwa umeandika baadaye. Na usijaze kabla hujafanya, hata kama una haraka ya kuwahi nyumba nyingine.

6. Ukipiga simu, iandike. Ulimpigia nani, saa ngapi, ulimweleza nini, akakuagiza nini.

7. Tunza siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kupiga picha daftari na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp ni kuanika siri za mtu. Daftari lenyewe lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ikipita kwenye wino, wiki nzima ya kazi imepotea.

Mstari wa mwisho wa kila ziara useme kinachofuata: “Kidonda kisafishwe kesho asubuhi. Homa ikizidi 38.5, apelekwe kituoni.” Mwenzako akifungua daftari kesho, aanze kazi bila kukisia.