Jukwaani nilikufa kila wiki, kitabuni nikatoka kapa!

KAMA umewahi kuishi Bukoba, huenda umeshaniona nikifa. Nimekufa sokoni, nimekufa kwenye viwanja vya shule, nimekufa mbele ya wageni wa mradi waliokalia viti vya plastiki. Mimi ni mwigizaji, na katika michezo yetu ya UKIMWI yule baba mgonjwa ndiye mimi.

Nilijua kufa, usiombe! Nakohoa, nayumba, namshika mke mkono, naungama dhambi zangu zote, halafu chali! Akina mama wanafuta machozi kwa ncha za kanga. Dakika 45 tu, kazi imekwisha. Tunapanda gari, tunarudi zetu Kahororo, pembeni ya mji, tukigombea soda.

Basi mwaka 2019 nikajiambia, kwa nini nisiandike riwaya? Stori ninazo, maneno ninayo. Nikanunua daftari kubwa na kalamu tatu. Miezi minne, nikamaliza. Dada wa steshenari akanichapia, nikatuma kwa mchapishaji, nikaanza kufanya mazoezi ya saini.

Jibu lilikuja na mistari miwili. Eti nilichoandika ni mchezo wa kuigiza uliovaa koti la riwaya. Kila mtu anaongea, hakuna anayewaza.

Nilinuna wiki nzima.

Wenzangu walishavuka

Hasira zilipoisha nikakumbuka kuwa si mimi wa kwanza kuvuka mto huu. Nani aliyesoma sekondari asiyemjua Ngoswe, yule karani aliyekwenda kuhesabu watu akaishia kwenye mapenzi? Tamthilia hiyo ya mwaka 1988 ni ya marehemu Edwin Semzaba, aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akaandika na riwaya, ikiwemo Marimba ya Majaliwa ya mwaka 2008.

Emmanuel Mbogo naye, yule wa Ngoma ya Ng'wanamalundi, ndiye aliyetuletea Watoto wa Mama N'tilie mwaka 2002. Na hapa kwetu Kagera yuko Mugyabuso Mulokozi, aliyetoa tamthilia ya Mukwawa wa Uhehe mwaka 1979, kabla ya hadithi zake za vijana kama Ngome ya Mianzi.

Nikawasoma upya, safari hii si kwa ajili ya mtihani. Ndipo nikaona kitu. Kwenye tamthilia, mwandishi anamwachia mwigizaji nusu ya kazi. Anaandika "anaingia", basi. Uingie kwa kiburi au kwa woga, shauri lako. Una ngoma, una vazi, una watu wanaocheka mbele yako. Kwenye riwaya uko peke yako kama mlinzi wa usiku.

Shangazi akanivua nguo

Ndani ya riwaya yangu kulikuwa na baba anayekufa kwa UKIMWI. Huyo sikumbuni. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ugonjwa ulipita nyumba hadi nyumba. Baba yangu alikwenda mwaka 1995. Nilikuwa na miaka tisa.

Nikaenda na karatasi zangu kwa shangazi, yeye ndiye aliyemuuguza kaka yake. Akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akasema haya, soma. Nikasoma kile kifo changu maarufu kwa sauti ya jukwaani, na kikohozi juu.

Akasikiliza hadi mwisho. Chozi hakuna.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, shangazi."

"Mwanangu, baba yako hakuungama kitu. Wiki tatu za mwisho hakusema neno. Alikuwa ananyoosha kidole tu, mlango ufunguliwe aone ziwa."

Niliishiwa nguvu. Miaka yote hiyo nilikuwa namtia baba yangu maneno mdomoni, kwa sababu watu walioko nyuma kabisa ya uwanja lazima wasikie. Jukwaani ukinyamaza dakika mbili tu, wanadhani umesahau maneno, miluzi inaanza.

Na ule mlango ninaukumbuka! Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuufungua.

Nikaanza upya, ukurasa wa kwanza. Sura nzima ikawa mlango tu. Baba ananyoosha kidole, mtoto anafungua, baba anatazama maji. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mtoto anataka kwenda kucheza mpira na wenzake. Siku moja anakiona kile kidole, anajifanya hakukiona, anatoka mbio.

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, miaka zaidi ya 20.

Makofi hakuna

Kitabu kimetoka. Jina silitaji, nisije nikaambiwa natangaza biashara. Nisikudanganye, hela bado hazijaonekana, na nakala natembeza mwenyewe kwenye begi. Lakini kinachonitesa ni ukimya. Jukwaani makofi unayapata papo hapo. Kitabu, mtu anakisoma chumbani kwake Kashai au Sinza, na wewe hujui kama amelia au amelala.

Kwa hiyo wewe msanii mwenzangu unayetaka kuandika, sikukatazi. Ila usianze na lile linalokupa makofi. Anza na lile unaloogopa kumwambia shangazi yako.

Wangu nilimsomea ile sura ya mlango. Nilipofika pale mtoto anapotoka mbio, akanishika mkono nisiendelee.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Niliufungua mimi."

Tukakaa, hakuna aliyesema kitu.

Jumamosi ijayo nakufa tena, uwanja wa shule. Nimemwomba mwongozaji anipe dakika moja tu ya kunyamaza kabla sijakata roho. Amekataa!