Ubao Upi Utakuvusha Wimbi? Fizikia Kabla ya Umaridadi

Katika ufukwe wa Muizenberg, karibu na Cape Town, mawimbi huja taratibu na kuvunjika kwa upole juu ya mchanga. Ndiyo maana watu wamekuwa wakijifunzia hapo mchezo wa kuteleza mawimbini kwa zaidi ya karne moja. Hata mwandishi Agatha Christie aliujaribu huko Afrika Kusini mwaka 1922. Katika fukwe za aina hiyo, wenye mbao ndefu na pana ndio huondoka na wimbi. Anayeanza kwa ubao mfupi wenye ncha kali, kama ule wa mabingwa, hubaki akipigapiga maji huku mawimbi yakimpita. Misuli yake huenda ikawa mizima kabisa. Hesabu ndiyo inayomkataa.

Wimbi la kimo cha mita 1 huvunjika linapofika kwenye kina cha karibu mita 1.3. Hapo husafiri kwa takriban kilomita 13 kwa saa, ilhali mtu anayepiga kasia kwa mikono kwa kawaida hafikii hata nusu ya mwendo huo. Pengo linalobaki huzibwa na mteremko wa wimbi lenyewe. Aliye na kasi huchukuliwa mapema, mteremko ukiwa bado laini, akapata muda wa kusimama. Asiye na kasi husubiri mpaka wimbi lisimame kama ukuta, na nafasi ya kuinuka inakuwa sehemu ya sekunde tu.

Urefu wa ubao unaingia hapa. Kila chombo kinachoelea hujitengenezea wimbi lake kinapokwenda, na kadiri kilivyo kirefu ndivyo kinavyoweza kukimbia kwa kasi zaidi kabla wimbi hilo halijakizuia. Mvuvi anayelinganisha mtumbwi mrefu na mfupi analijua jambo hili bila kuambiwa. Kikomo hicho hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu: ubao wa mita 1.8 hukifikia kwenye kilomita 6 hivi kwa saa, na wa mita 2.7 hupita 7. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mara nyingi ndiyo inayoamua nani achukuliwe na nani aachwe.

Kisha kuna ujazo, ambao siku hizi huandikwa kwa lita kwenye mbao nyingi. Kwa kanuni ya Archimedes, lita moja iliyozama baharini husukumwa juu kwa uzito wa maji iliyoyahamisha, yaani takriban kilo 1.025. Ubao wa lita 70 wenye uzito wa kilo 7 unaweza kubeba karibu kilo 65 za ziada. Ule wa lita 27 wenye uzito wa kilo 3 hubeba kama 25 tu. Ukiulalia huo wa pili, kifua na omo ya ubao huzama, na maji yanakurudisha nyuma kila unapovuta mkono.

Mabingwa wanauweza kwa sababu wana mikono yenye nguvu na huchagua mawimbi makali. Isitoshe, ubao ukishashika kasi, kinachouinua zaidi ni maji yanayopiga tumbo lake. Lita hazina tena kazi kubwa, na udogo unausaidia kugeuka haraka.

Kwa makadirio, anayeanza atafute lita zinazolingana na kilo za mwili wake au kuzidi. Mwenye kilo 70 ambaye tayari anakamata mawimbi ambayo hayajavunjika na kuteleza kwenye ubavu wake anaweza kushuka hadi lita 40 au 50. Bingwa wa uzito huo hutumia 25 hadi 28.

Hata hivyo, lita peke yake hudanganya. Upana hutuliza ubao usiyumbe. Ubao uliopinda sana kuanzia omo hadi tezi hushuka vizuri kwenye wimbi la wima, lakini huburuza maji kwenye wimbi dogo. Ulionyooka hukimbia mapema. Mapezi matatu, mpangilio uliopata umaarufu baada ya Simon Anderson wa Australia kushinda nao mwaka 1981, hushika maji vizuri kwenye kona kali.

Wimbi nalo lina usemi wake. Ubao unaofaa Jeffreys Bay, ambako wimbi hukimbia kwa kasi kandokando ya mwamba, unaweza kukwama Muizenberg. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya na Tanzania, miamba ya matumbawe huvunja nguvu ya bahari mbali na ufuo. Yanayofika ni mawimbi madogo, na ubao mkubwa ndio unaoyaweza.

Ustadi huja kwa kurudia. Muda mwingi baharini huishia kwenye kupiga kasia na kusubiri, na kuteleza kwenyewe huchukua asilimia chache tu. Ubao unaokuongezea mawimbi ndio unaokuongezea masomo. Kwa hiyo usikimbilie mfupi kwa sababu unapendeza chini ya kwapa. Punguza lita chache kwa awamu, na usipunguze kabla hujaweza kugeuka kulia na kushoto kwa hiari yako. Ukibadilisha ubao na mawimbi unayopata yakapungua, rudi kwenye ule mkubwa.