Likizo ya Mama Iko Wapi? Safari ya Thika na Ruiru kwa Kipato cha Kawaida



Agosti moja, miaka kadhaa iliyopita, nilirejea Mombasa na aila yangu kutoka Thika, tulikokwenda kumzuru shangazi yangu, mtu mzima ambaye miguu haimruhusu tena kuteremka pwani. Watoto walikuwa wakimjua kwa sauti ya simu tu. Safari ilikuwa njema, hakuugua mtu, wala fedha hazikutuishia njiani. Usiku ule tulipokuwa tukifungua mabegi nilimuuliza mama watoto: "Umeionaje likizo?" Alikunja kanga yake taratibu, kisha akanijibu: "Alhamdulillahi, watu wamefurahi. Lakini mimi, baba watoto, sikwenda likizo. Mimi nimehama jiko tu."

Neno lile lilinikosesha usingizi. Nilianza kuhesabu. Asubuhi sita alikuwa ameamka kabla ya adhana ya Alfajiri kusukuma chapati za watu kumi, katika jiko ambalo hakujua chumvi iko wapi. Amefua nguo ambazo kwa baridi ya kule hazikauki. Siku tuliyotoka kutembea, yeye alibaki nyuma ili chakula kiwe tayari tutakaporudi. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa kibarazani, nikinywa chai na kumshukuru Mungu kwa neema ya mapumziko.

Sote twajua kisa cha Salman na Abu Dardaa, radhi za Allah ziwe juu yao: jinsi Salman alivyomkumbusha nduguye kwamba nafsi ina haki, na mke ana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akamsadikisha. Twajua pia kwa riwaya ya Bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake, na kwamba alishindana naye mbio wakiwa safarini. Mambo haya nimeyasomesha chuoni zaidi ya miaka ishirini. Kuyasomesha na kuyatenda ni vitu viwili.

Tulirudi Thika Desemba moja baadaye, na mara hii tulipanga vingine. Nayaandika haya ili nyumba nyingine zipate faida kabla ya shule kufungwa.

SHAURI KWANZA, FEDHA BAADAYE

Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na safari ni jambo. Tuliketi wote baada ya sala ya Isha, hata mdogo wetu, na kila mmoja akataja kitu kimoja anachokitaka. Wa kwanza alitaka gari la moshi. Wa pili alitaka maporomoko ya maji. Wa tatu alitaka kuona mnyama. Nilipomfikia mama yao alisema: "Nataka siku mbili nisiulizwe chakula kiko wapi." Tuliyaandika yote, na ombi lake tukaliweka la kwanza.

Faida ya shauri ni kwamba mtoto aliyesikizwa haombi kila anachokiona njiani. Anajua lake limo katika hesabu.

HESABU YA SHILINGI MIA

Baada ya Idd moja alinijia kijana msikitini, uso umemwinamia. Alikuwa amekopa kwa simu ili aipeleke familia yake hotelini siku tatu, na miezi mitano baadaye alikuwa bado akilipa, na riba juu yake. Siku tatu za raha zimezaa miezi ya ugomvi ndani ya nyumba. Ndugu zangu, likizo si faradhi. Riba ni haramu. Asiyekuwa na akiba asikope ili apumzike, kwani huko ni kununua mzigo kwa jina la pumziko.

Sisi tuliweka kibubu. Shilingi 100 kwa siku, kwa siku 300, ni shilingi 30,000. Siku nyingine tulikosa, siku nyingine tukatia 200. Aila yetu ni watu sita: sisi wawili, na watoto wa miaka 13, 9, 6 na 2. Tuligawa hivi:

Nauli ya gari la moshi, kwenda na kurudi: 12,000.
Matatu za huko na huko: 4,000.
Mchango wa jiko la mwenyeji na zawadi: 6,000.
Matembezi: 5,000.
Dharura, isiyoguswa: 3,000.

Nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya hapo hupakatwa bila ya nauli. Kwa hivyo watatu wetu walilipa kamili na wawili nusu, jumla 6,000 kwa kwenda. Tikiti hukatwa kwa simu kupitia *639#, na msimu wa Desemba hujaa upesi. Mwenye kungoja wiki ya mwisho huishia kulipa basi kwa bei ya juu.

NJIANI

Tulipanda gari la asubuhi kituo cha Miritini. Faida yake ni mbili: watoto huiona Tsavo mchana, na mwenye bahati huwaona ndovu, wekundu kwa udongo wa huko, akiwa ameketi kitini pake bila ya kulipa senti zaidi. Na pili, mnafika Nairobi mchana, mkapata kuingia Thika kabla ya giza. Kutoka Nairobi hadi Thika ni kilomita arubaini na kitu kwa barabara kuu iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, na Ruiru iko katikati ya njia hiyo.

Chakula tulibeba. Mahamri na mbaazi kavu, viazi vya karai, tende, na chupa mbili za chai. Mabinti walipika usiku wa kuamkia safari pamoja nami. Nilikanda unga kwa mikono yangu, na yaliyofura vibaya yalikuwa yangu.

Tahadhari ya baridi: Thika iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya baridi na mawingu, na mtoto wa pwani asiye na sweta atalia usiku kucha. Desemba ni afadhali zaidi, ila sweta moja moja lazima.

Na kwa dada zangu ambao waume zao wako Ghuba kikazi, au waliotangulia mbele ya haki: ongozaneni na kaka, mjomba au mtoto wa kiume aliyebaleghe. Panapokuwa na maharimu pana utulivu wa moyo, na mtu wa kubeba begi pia.

SALA YA MSAFIRI

Wengi huniuliza jambo hili, basi nilieleze kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Safari ya kutoka Mombasa hadi Thika imepita kwa mbali masafa ya kupunguza sala, ambayo wanavyuoni wameyakadiria kwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Njiani waweza kusali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, na kuzikusanya. Ukiichelewesha Adhuhuri uisali pamoja na Alasiri, tia nia hiyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka.

Sasa angalia: ukinuia kukaa Thika siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, basi ruhusa ya usafiri yakatika pale unapofika. Utasali kamili kama mwenyeji. Kwa hivyo sisi tulizisali mbili zile Nairobi, kabla ya kuishika barabara ya Thika. Ukinuia siku tatu tu, ruhusa ingali yako.

MGENI NA JIKO LA MWENYEJI

Waliotutangulia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, ameufundisha umma kwamba ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na kwamba si halali mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Jamaa wa bara wana kodi za nyumba na karo kama sisi. Kuwafikia watu sita bila ya taarifa, kwa kuwa tu ni ndugu, huko si kuunga udugu bali ni kuukata.

Nilimpigia binamu yangu wiki tatu kabla, nikamwambia idadi yetu na siku zetu. Tulipofika, zile 6,000 tukazigawa: 4,500 za jiko nikampa mkewe mkononi, faragha, na zilizobaki tulikwisha zinunulia zawadi za kwetu: achari ya maembe, halua, na kanga ya shangazi.

Kisha likaja lile ombi la kwanza. Siku mbili kati ya tano, wanaume na vijana ndio waliopika. Binamu yangu alicheka, akaona haya, mwisho akatia pilau. Haikuwa mbaya. Mkewe naye alipumzika, jambo ambalo sikulipanga, lakini ndilo aliloliombea dua zaidi tulipoagana.

MAJI YANAYOKUJA KWETU

Matembezi yetu yalikuwa matatu.

La kwanza, Ruiru. Wazee wetu hawakai barazani bila ya kahawa chungu ya dele, lakini watoto wengi wa pwani hawajapata kuuona mbuni. Ruiru ni mji wa kahawa. Kituo cha utafiti kilichoko huko ndicho kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani. Mashamba mengi yamegeuka majumba siku hizi, lakini yaliyobaki huwa na buni nyekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Tulimwomba ruhusa mkulima jirani wa jamaa zetu, naye akawaruhusu watoto wachume kidogo. Gharama yake ilikuwa nauli tu.

La pili, Kilimambogo, mlima uitwao pia Ol Donyo Sabuk, kwenye njia ya Garissa. Kilele chake ni mita 2,145, na ni mbuga ya taifa tangu 1967. Jina lake la Kiswahili lakutosha kukuonya: mbogo wamo. Asipande mtu kwa miguu bila ya kuandamana na askari wa mbuga. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen. Chukueni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili mlipe kiwango cha raia, na tazameni ada kabla ya kuondoka nyumbani. Sisi tulifika langoni na kutembea karibu tu, na mtoto wetu wa tatu alipata nyani wake, akaridhika.

La tatu lilikuwa jirani na hapo, Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Mawe yake ni ya utelezi na yamekwisha wapoteza watu, kwa hivyo kila mtu mzima alishika mkono wa mtoto mmoja. Vijana wa hapo huvusha wageni kwa mashua. Patana bei kabla ya kupanda. Wala msiogelee wala msiyanywe maji yale, kwani mito ya Nairobi humimina uchafu wake humo.

Tulitandika mkeka mbali na ukingo. Binti yangu mkubwa aliuliza maji hayo yanakwenda wapi. Nikamwambia: mto huu huu Athi, ukiteremka, waitwa Galana, kisha Sabaki, nao hutoka baharini kaskazini ya Malindi; ndio unaoifanya bahari ya kule kuwa nyekundu wakati wa mvua. Na Chania na Thika, mito miwili inayokutana pale mjini, huingia Tana, na Tana huishia Kipini. Sisi twadhani tumekwenda ugenini, kumbe tumeketi kwenye chemchemi ya pwani yetu. Na uchafu unaotupwa huku hatima yake ni kwetu. Basi tuliokota takataka zetu zote, na za waliotutangulia kiasi tulichoweza.

Mama watoto kwao ni Mambrui, ng'ambo tu ya mlango wa Sabaki. Aliyatazama maji yale kwa muda mrefu, kikombe cha chai mkononi, chai ambayo kwa mara ya kwanza katika safari zetu alikuwa ametiliwa na mtu mwingine. Kisha akasema: "Basi maji haya yatafika kwetu kabla yangu." Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwuliza chumvi. Nilitazama saa yangu kimya kimya: alikaa hivyo karibu saa nzima.

Tulirudi Mombasa na shilingi 1,850 katika zile 3,000 za dharura. Zimerudi kibubuni, na ndizo mwanzo wa safari ijayo. Shangazi hupiga simu kila Ijumaa, na sasa watoto hugombania kuzungumza naye, kwa kuwa wanaijua sura iliyoko nyuma ya sauti.

Kina baba wenzangu, mkikaa kupanga Desemba hii, anzeni kwa kumuuliza mama wa nyumba anataka nini, na mwandike jibu lake juu kabisa ya karatasi. Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo chetu, azihifadhi njia zetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa kupumzikia kila anayeishi ndani yake. Amin.