Dakika 20 za angani, nusu siku ya njiani
Mpenzi wako yuko Unguja, wewe uko Lugoba. Kila simu analalamika: "Si dakika 20 tu kwa ndege? Hunipendi!" Ni kweli, Dar hadi Zanzibar ni kama kilomita 70 angani, hujakaa vizuri, mnatua. Lakini Lugoba hakuna uwanja wa ndege. Unaanza na basi: Chalinze, Mlandizi, Kibaha, hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, zaidi ya kilomita 100, na malori yale! Bado foleni ya kwenda uwanja wa Julius Nyerere, ukaguzi, kusubiri. Usinune, shosti. Mpigie hesabu kuanzia mlangoni kwako, nauli ikiwemo. Kisha mkutane Dar: wewe basi, yeye boti ya kasi, kama saa mbili hivi. Akigoma hata hapo, jiulize.