Ziara za Historia na Utamaduni: Jinsi ya Kuzitayarisha, kwa Mfano wa Shule za Kinyangiri

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa ataje sehemu za historia za nchi yetu, mara nyingi hutaja Olduvai, Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar. Majibu hayo ni sahihi. Fuvu la Zinjanthropus lilivumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa ni jambo gani lililopata kutokea mahali anapokaa yeye, hunyamaza. Kwake yeye historia ni kitu kilichotendeka mbali, kwa watu wengine, nacho hupatikana kitabuni tu.

Makala haya yana nia ya kumsaidia mwalimu kuondoa fikira hiyo kwa njia ya ziara. Tumechagua mfano wa Kinyangiri, iliyoko katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Tumeichagua kwa sababu si mahali penye sifa ya watalii. Ikiwa ziara yaweza kufundisha Kinyangiri, basi yaweza kufundisha popote.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Kabla ya kutoa ushauri, ni haki tueleze kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tuliandamana na darasa moja kwenda Mkalama kulitazama boma la Wajerumani, lililojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tulishughulika mno na gari, chakula na maji ya kunywa, tukasahau kazi yenyewe ya wanafunzi. Walifika, wakazunguka jengo, wakapanda panda kuta, wakarudi.

Kesho yake waliandika insha. Wengi waliandika habari za lori na mandazi. Mmoja aliandika kwamba Wajerumani walikuwa watu wazuri, kwa kuwa walijua kujenga. Mwalimu wa darasa aliisahihisha sentensi hiyo kwa sarufi yake tu, akampa mtoto alama nzuri.

Sentensi ile ilitusumbua sana. Mtoto hakusema uongo, alisema alichokiona. Aliona kuta, na hakuna aliyemwuliza ni nani aliyebeba mawe, kwa malipo gani, na boma lile lilikuwa la kazi gani. Hakuelezwa kwamba serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na kwamba maboma ya aina hiyo yalikuwa vituo vya askari, vya kukusanyia kodi na vya kuhukumia watu. Ziara isiyotayarishwa si kwamba haifundishi kitu. Hufundisha, lakini hufundisha yale ambayo jengo lenyewe linataka yaaminiwe.

Mahali pa kwenda

Mwalimu wa Kinyangiri anayo hazina kubwa kuliko anavyodhani. Ni vema aipange kwa mzunguko, kuanzia karibu kwenda mbali.

(a) Ziara za kwenda kwa miguu. Ya kwanza ni tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo, ambayo ni ya asili katika mikoa ya kati. Zinazosalia zinapungua mwaka hadi mwaka, kwani bati limechukua nafasi yake. Wanafunzi wapime urefu na upana wake, wahesabu nguzo, waulize miti ya aina gani ilitumika na kwa sababu gani, na watazame jiwe la kusagia na ghala la nafaka. Ya pili ni mahame. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, watu wengi walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika na kukusanywa vijijini. Mahali walipohama hujulikana kwa matuta ya kuta zilizoanguka, vigae vya vyungu, na miti iliyopandwa na watu. Wazee waliohamishwa wangali hai, na waweza kusimama pale pale na kueleza. Ni sehemu chache za historia zenye mashahidi wa kuona kwa macho.

(b) Ziara za siku moja. Hapa ndipo lilipo boma la Mkalama. Vilevile kuna Kirumi, kijiji cha watemi wa Wanyisanzu. Watemi hao, mwanamume na mwanamke, walikuwa na dhamana ya mvua, na watu wa makabila jirani walifahamu sifa hiyo. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini heshima ya mahali haikufutwa nao. Upande wa magharibi, katika Wilaya ya Iramba, kuna Sekenke, mojawapo ya machimbo ya kwanza ya dhahabu nchini. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916, wakati wa vita, kupigia huko Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kwa sarafu hiyo moja mwalimu aweza kufundisha uchimbaji, ukoloni, vita na fedha kwa pamoja.

(c) Ziara za mbali. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina zaidi ya mapango na vivuli vya miamba 150. Pia kuna pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambamo wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta tabaka juu ya tabaka za makazi ya binadamu, kuanzia Zama za Mawe. Safari hizi zahitaji fedha na kulala njiani, na shule nyingi hazitaziweza. Zisiwe kisingizio cha kuacha zile za karibu.

Matayarisho

Ziara ni somo, na somo lina andalio. Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, mwalimu atangulie mwenyewe. Afike mahali hapo angalau juma moja kabla, aone njia, kivuli, maji na hatari zilizopo, na azungumze na watu wa pale. Huko Sekenke, kwa mfano, hana budi kujua mashimo ya zamani yako wapi, ili awazuie watoto wasiyakaribie.

Pili, ruhusa iombwe. Barua kwa ofisi ya kijiji na kwa Afisa Utamaduni ni ya lazima, lakini haitoshi. Mahali pa matambiko pana wenyewe, na ndio wa kusema ni siku gani pafikiwe, ni nani asiingie, na ni kitu gani kisiguswe. Wakikataa, tukubali. Hata kule Kolo, katika michoro ya Kondoa, watu wangali wakifanya matambiko. Mgeni anayepaona ni makumbusho tu amekosea.

Tatu, somo liunganishwe na azimio la kazi. Muhtasari wa Historia ya Tanzania na Maadili hutoa nafasi nyingi, lakini si huo peke yake. Kupima tembe ni Hisabati. Kuchora ramani ya njia ni Jiografia. Kuandika maelezo ya mzee ni Kiswahili.

Nne, wanafunzi wagawiwe kazi. Darasa la watoto arobaini ligawanywe katika vikundi vinane vya watoto watanotano. Kila kikundi kipewe swali moja tu, tena lisilojibika kwa ndiyo au siyo. Kwa boma la Mkalama maswali yafuatayo yafaa: Mawe yalitoka wapi, na ni nani waliyabeba? Kwa nini mahali hapa palichaguliwa? Mlango unaelekea wapi, na madirisha yana ukubwa gani? Mtu aliyeletwa hapa alikuwa amekosa nini? Baada ya Wajerumani kuondoka, ni nani walilitumia jengo hili, na kwa kazi gani?

Siku ya ziara

Nusu saa ya kwanza iwe ya kutazama kwa kimya. Wanafunzi wachore wakionacho kabla ya kuelezwa lolote, kwa maana maelezo yakitangulia, macho hulala. Ndipo vikundi vianze kazi zao, mwalimu akipita kutoka kikundi hadi kikundi bila kutoa majibu.

Akiwapo mzee wa kuzungumza, wanafunzi wafundishwe mapema adabu ya kumwendea: kumwamkia shikamoo, kukaa wanapoelekezwa, kumwacha amalize, na kutomkatiza hata kama anarudia. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Ikiwa mzee atazungumza Kinyiramba, Kinyisanzu au Kinyaturu, aachwe aendelee. Mtoto anayeijua lugha hiyo atafsiri, naye kwa siku hiyo atakuwa mwalimu wa wenzake.

Michoro ya miambani isiguswe wala kumwagiwa maji ili ionekane vizuri. Maji na jasho la mikono huiharibu, na chaki ni adui mkubwa zaidi. Mawe yaliyochongwa, vigae na shanga viachwe palepale vilipo, kwani kitu kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake. Mambo hayo yalindwa pia na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Jambo la kuangaliwa sana

Wilaya ya Mkalama ni mojawapo ya makazi ya Wahadzabe, watu wachache ambao wengi wao wameishi kwa uwindaji, asali, mizizi na matunda ya porini, na ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Walimu hutuuliza mara kwa mara kama inafaa kuwapeleka wanafunzi “kuwaona Wahadzabe.”

Jibu letu ni kwamba watu si makumbusho. Mtoto anayepelekwa kumtazama mtu kama anavyotazama pango hurudi na dharau, hata kama hakuna aliyekusudia. Afadhali shule mbili zialikane. Watoto wa Kinyangiri waende kama wageni, wacheze mpira, wafundishwe majina ya miti na njia ya kumfuata ndege mwelekeza asali. Nao wenyeji waje Kinyangiri siku nyingine. Tena wanafunzi wasiambiwe kwamba Wahadzabe ni “watu wa zamani.” Wanaishi leo kama sisi, na wana shida za leo, kubwa ikiwa ni ardhi.

Baada ya ziara

Walimu wengi huona ziara imekwisha gari linaporudi. Kwa maoni yetu, nusu ya somo bado. Kila kikundi kitoe taarifa mbele ya darasa, na taarifa zinazopingana zisifichwe. Kikundi kimoja kikisema mawe yalitoka mlimani na kingine kikisema mtoni, darasa liulize: tutajuaje? Swali hilo ndilo mwanzo wa historia.

Kisha taarifa zikusanywe katika daftari moja la shule, lenye tarehe, jina la kijiji na maneno ya wazee. Daftari hilo lina thamani kuliko inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1934 na 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya safari za utafiti katika sehemu za Isanzu na Eyasi. Alinakili michoro ya miambani na kukusanya hadithi nyingi za wenyeji, na akazichapisha kwa Kijerumani. Hivyo wajukuu wa wale waliozisimulia hawawezi kuzisoma. Daftari la shule, hata likiwa na makosa ya tahajia, lipo Kiswahili na lipo kabatini.

Nasi tulirudi Mkalama na darasa jingine, safari hii tukiwa na maswali. Kikundi kilichopewa swali la mawe hakikupata jibu pale bomani, kikaamua kuendelea kuuliza nyumbani. Baada ya siku tatu msichana mmoja alileta maneno ya babu yake: hajui ni nani walibeba mawe, ila anakumbuka kwamba baba yake hakupenda kupita njia ile, na hakupata kueleza kwa nini. Darasa lilijadili kama hilo ni jibu. Tukawaambia kwamba si ushahidi wa kutosha, lakini ni neno la kuandikwa, nao wakaliandika.

Babu yule amekwisha kufariki. Kama mjukuu wake asingemwuliza juma lile, hata hilo dogo tusingekuwa nalo.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ziara njema haipimwi kwa umbali wala kwa umaarufu wa mahali, bali kwa maswali ambayo wanafunzi wanakwenda nayo na kazi wanayoifanya wakirudi. Tumeonyesha pia kwamba ruhusa, adabu na usalama ni sehemu ya somo lenyewe.

Mwalimu asingoje fungu la fedha wala gari. Muhula huu huu achague mahame moja, tembe moja au mzee mmoja aliye karibu na shule. Aandae maswali matano, awatoe wanafunzi kwa miguu kwa vipindi viwili, na afungue daftari. Boma la Mkalama huenda likasimama miaka mingine mingi, lakini wale wanaoweza kutuambia habari zake wanapungua kila mwaka, na watoto wetu ndio wanaoishi nao nyumba moja.