Chupa Tupu ni Amana

Mwaka 1971, jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria iliyomtaka mnunuzi wa bia au soda aweke senti 5 juu ya bei ya kinywaji, naye arudishiwe atakaporejesha chupa au mkebe. Baadaye likaongezwa sharti: urejeshaji ukiwa chini ya asilimia 80 kwa miaka 2 mfululizo, senti 5 ziwe 10. Ikawa hivyo Aprili 2017.

Nawaomba walimu na wanafunzi wazitafutie fedha hizo jina. Si bei, kwani bei hairudi. Si kodi, kwani kodi huenda serikalini. Ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Wapo watakaodai kwamba Mkenya hana desturi hiyo. Hoja hii haina mashiko. Ni mwenye duka gani kijijini atakayekuachia uondoke na soda ya chupa ya kioo bila ya kuacha chupa tupu au pesa? Ndiyo maana ni nadra kuiona chupa hiyo mtaroni. Iliyojaa humo ni ya plastiki, isiyomdai mtu chochote.

Sheria yetu ya taka ya mwaka 2022 imekwisha kumtwika mtengenezaji wajibu wa vifungashio vyake. Ni haki. Lakini chupa inapotupwa, mtengenezaji hayupo, mnywaji yupo. Basi naye aweke amana. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Na chupa isiyo na amana hupotelea mtoni.