Msimu wa salfa: tuhame, au tusafishe hewa?

Kila mwaka masika yakishaisha na upepo wa kusi ukishika, malori hubeba mifuko ya salfa kutoka Bandari ya Mtwara kwenda Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyamba. Kwa mkulima wa korosho hiyo ni habari njema. Bila salfa, ubwiri unga hushambulia maua ya mikorosho, na maua yakiungua hakuna korosho, hakuna ada ya shule, hakuna bati la nyumba. Lakini ni wakati huo huo ambapo katika nyumba nyingi husikika chafya mfululizo, macho huwa mekundu, na watoto wengine hubanwa kifua usiku kucha.

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa upande wa Nanyamba aliniuliza swali. Binti yake wa miaka 9 huanza kukohoa na kubanwa kifua kila ifikapo Juni, na hupata nafuu mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Shangazi wa mtoto anaishi Songea na yuko tayari kumpokea. Mzazi anauliza: je, nimhamishe moja kwa moja akasome huko, maana naambiwa hewa ya Songea ni safi?

Swali hili ni zito, kwani kumtenga mtoto wa miaka 9 na mama yake si jambo dogo. Kabla ya kulijibu, hapana budi tufahamu ni kitu gani hasa kinachomuumiza.

Yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni mzio. Hapa mwili hukosea. Hukiona kitu kisicho na madhara, kama vile chavua ya maua au vumbi la godoro, ukadhani ni adui, kisha ukatoa kemikali iitwayo histamini. Pua huwasha na kutiririka, macho huvimba, na kwa mwenye pumu njia za hewa hujibana. Mzio haumpati kila mtu. Aghalabu hufuata ukoo.

La pili ni muwasho. Vumbi la salfa, moshi wa kuni na vumbi la barabarani huchoma macho, koo na njia za hewa za mtu yeyote, awe na mzio au asiwe nao. Tofauti ni kwamba mwenye pumu huumia mapema zaidi na kwa kiasi kidogo zaidi.

Huko California, Marekani, ambako salfa hutumiwa kwa wingi mashambani, watafiti walichapisha mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa bonde la Salinas. Waliona kwamba pale salfa nyingi zaidi ilipotumika katika umbali wa kilometa 1 kutoka nyumbani kwa mtoto, ndipo mapafu ya watoto yalipokuwa na nguvu pungufu, na dalili za pumu zikawa nyingi zaidi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kila kitu, lakini unatosha kututahadharisha.

Sasa, je, kuhama kunasaidia? Historia inatupa majibu ya aina mbili.

Jibu la kwanza linatoka Davos, mji wa milimani huko Uswisi, ulio zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi watoto wenye pumu walipelekwa huko, na wengi walipata nafuu. Sababu mojawapo ni kwamba vijidudu vya vumbi vinavyoishi kwenye magodoro na mito, ambavyo havionekani kwa macho, hupenda hewa yenye unyevunyevu, na milimani hewa ni kavu. Lakini watoto wale waliporudi kwenye nyumba zao za bondeni, maradhi nayo yaliwarudia.

Jibu la pili linatoka Arizona, Marekani. Watu wenye pumu na mafua ya mzio walihamia huko kwa wingi wakifuata hewa kavu ya jangwa. Walipofika walitamani kivuli na bustani kama za makwao, wakapanda miforosadi, mizeituni na nyasi. Baada ya miaka michache hewa ya mji wa Tucson ilijaa chavua, hata katika miaka ya 1980 ikabidi sheria ipige marufuku kupanda aina fulani za miti hiyo. Watu waliikimbia chavua, kisha wakaipanda wenyewe mlangoni.

Kuna na la tatu. Mwaka 1994 watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza kwamba wahamiaji kutoka Asia walizidi kupata mafua ya mzio na pumu kadiri walivyokaa zaidi nchini humo. Maana yake ni kwamba mwili wenye tabia ya mzio huhama pamoja na mwenyewe. Ukifika ugenini, nao hujifunza maua ya ugenini.

Turudi Songea. Ni kweli kwamba mtoto yule atakuwa mbali na vumbi la salfa. Lakini Juni na Julai Songea kuna baridi kali, na hewa ya baridi ni mojawapo ya mambo yanayochokoza pumu. Kama shangazi anapikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, mtoto atakuwa amekimbia vumbi la wiki chache akaangukia moshi wa kila siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni daftari. Andika kila siku: mtoto amekohoa saa ngapi, alikuwa wapi, upepo ulitoka wapi, jirani alipuliza salfa au hakupuliza. Akibanwa siku za kupuliza tu, salfa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Akibanwa zaidi usiku kitandani, hata wakati wa masika, litazame godoro na mto wa sufi. Akibanwa jioni chakula kinapopikwa, litazame jiko. Usisahau kwamba nyasi na mikorosho nayo huchanua katika miezi hiyo, kwa hiyo huenda mshukiwa si mmoja. Daftari hilo mpelekee daktari.

Ushauri wa pili ni dawa, kwani kuna watu wanaohama mji wakati ambapo walihitaji tu matibabu sahihi. Vidonge vya zamani vya mafua, kama Piriton, husaidia lakini huleta usingizi. Dereva wa bodaboda asivinywe kisha akapanda pikipiki. Viko vingine, kama setirizini na loratadini, visivyolevya sana. Viuavijasumu havitibu mzio. Kwa mwenye pumu, ile dawa ya kuvuta inayofungua kifua kwa haraka haitoshi peke yake. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilisema wazi kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa dawa hiyo pekee, bali wapewe pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe ndani ya mapafu. Kwa mtoto mdogo daktari ndiye atakayepanga. Dawa hiyo haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake, kama wengi wanavyohofu. Na mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikaingia ndani, au midomo ikageuka rangi, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali, kwa walio mjini, Ligula.

Ushauri wa tatu ni hewa yenyewe. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Basi majirani wakubaliane siku, wapeane taarifa jioni iliyotangulia, na watoto wabaki ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, hadi vumbi litue. Mtoto mwenye pumu anaweza kulala kwa jamaa walio mbali na mashamba usiku huo mmoja, kisha akarudi nyumbani. Huko nako ni kuhama, lakini hakuvunji familia. Mpulizaji avae barakoa na miwani, na akimaliza aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Zipo pia dawa za maji za kuzuia ubwiri unga, ambazo hazitimui vumbi kama salfa ya unga, na kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, kimetoa mikorosho inayostahimili ugonjwa huo zaidi. Maofisa ugani waulizwe.

Ndani ya nyumba, shuka zifuliwe kwa maji ya moto na godoro lianikwe juani. Na jiko litazamwe upya. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 bomba kubwa linaipeleka Dar es Salaam. Hata hivyo nyumba nyingi za Mtwara bado zinapikia mkaa na kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Sisi tunaokaa jirani na visima vya gesi tuna haki ya kuuliza zamu yetu ni lini.

Mfano mzuri tunao bandarini kwetu. Baada ya vita ya Ukraine kuanza mwaka 2022, makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma yalipita Mtwara kwa wingi, na vumbi jeusi likazua manung'uniko. Hakuna aliyeushauri mji mzima uhame. Uamuzi uliochukuliwa ni kujenga bandari nyingine Kisiwa Mgao, nje ya mji, kwa ajili ya shehena chafu kama makaa na saruji. Pale palipowezekana kuliondoa vumbi, watu waliachwa wakae.

Nami mzazi wa Nanyamba nilimjibu hivyo hivyo: anza na daftari, dawa na makubaliano na majirani kwa msimu huu mmoja. Ikiwa baada ya hayo yote mtoto bado anabanwa, na daktari ameona ni salfa, basi Songea iwepo kwa miezi ya kupuliza, baada ya kuliona jiko la shangazi.